Jirani Huarifiwa Kabla ya Msingi Kuchimbwa



Wapenzi wasomaji, wiki hii tunawakumbuka ndugu zetu walio bara, katika miji midogo inayokua kwa haraka. Mfano ni Katito, huko Nyakach, kaunti ya Kisumu, pale barabara ya Kendu Bay inapochepuka kutoka ile ya Ahero na Sondu. Mahali penye njia panda, biashara haikawii kuingia baina ya nyumba za watu. Leo ni boma, kesho ni gereji, kinu cha kusagia au baa. Je, mwenye kiwanja ana wajibu wa kumwarifu jirani kabla ya kuomba kibali?

Dini yetu imetangulia kujibu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, jirani wa karibu na wa mbali wametajwa pamoja na wazazi, mayatima na masikini. Na katika hukumu ya shufaa, Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mshirika wa ardhi asiuze fungu lake kabla ya kumwarifu mwenziwe. Wanavyuoni wameeleza kuwa hekima yake ni kumkinga mtu na dhara asilolijua. Ikiwa hivyo ndivyo katika kuuza, ambako jina tu ndilo hubadilika, sembuse pale panapobadilika moshi, kelele na wapitao mlangoni?

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, kifungu cha 58, yamtaka mwombaji autangazie umma mradi wake, na tangazo hilo liwaite watu wapeleke pingamizi zao kwa serikali ya kaunti. Anayejenga bila kibali aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au yote mawili.

Lakini huenda habari ikamfikia mwenye ardhi peke yake, na hapa ndipo penye uzito. Mara ngapi hati ya kiwanja imebaki katika jina la marehemu, na anayeishi pale ni mjane na watoto wake? Barua ikija kwa jina la maiti, nani ataijibu? Shemeji aliye mjini huenda akatia sahihi ya kuridhia, naye mama anayeshinda nyumbani kutwa asijue lolote hata aone vyuma vinachomelewa ukutani pake. Kwa hiyo tunawausia ndugu: mirathi isicheleweshwe. Na mwenye kuarifu asitosheke na jina lililo kwenye hati. Amwendee pia anayelala humo.

Nanyi mama zetu, mkiona bango la mradi, lisomeni au msomesheni kijana. Tazameni muda uliowekwa wa kupeleka maoni. Andikeni pingamizi, mtaje dhara lenyewe, kisha mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Msiridhike na kunung'unika kisimani, kwani mwombaji asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, sheria huhesabu kwamba amepewa ruhusa. Na uamuzi ukitoka msioridhika nao, rufaa hupelekwa kwa kamati ya usuluhishi ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14.

Hata hivyo, tusiifanye haki hii kuwa silaha ya husuda. Kumzuilia mtu riziki ya halali kwa sababu tu ametutangulia kupata ni dhulma pia. Ikiwa dhara laweza kuondolewa kwa kuinua ukuta, kugeuza bomba la moshi au kufunga mapema jioni, basi suluhu ni kheri.

Nawe mwenye kujenga, bango ni la serikali, lakini hodi ni ya jirani. Ipige mapema, ukiwa bado waweza kubadili ramani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa majirani wenye kuaminiwa. Amin.