Fimbo za gemu za mbao: faida ipo, ila kwa mwenye daftari

Anayefungua kibanda cha gemu katika mji mdogo kama Isikizya, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Uyui mkoani Tabora, huweka katika bajeti yake mashine, luninga, mabenchi, kodi ya chumba na umeme. Pedi huhesabiwa kuwa kitu kidogo kinachokuja na mashine. Baada ya miezi michache hugundua kwamba mashine ni ileile na luninga ni ileile, lakini fedha ya droo imekuwa ikitoka kidogo kidogo kununulia pedi.

Kwa sababu hiyo, wazo la kutengeneza fimbo za gemu hapa hapa nchini, kwa mbao na vifaa vya bei nafuu, linastahili kutazamwa kama suala la mtaji. Swali ni moja tu: je, linalipa? Linalipa, lakini si kwa kila kibanda, wala si kwa kila luninga iliyomo kibandani.

MPIRA NA NGUMI

Mchezo unaovuta wateja wengi vibandani ni mpira wa miguu. Mchezo huo unahitaji pedi ya kawaida yenye vijiti viwili vya kidole gumba, maana mchezaji hugeuka pande zote na kwa kasi tofauti. Fimbo ya aina ya zile mashine kubwa za kumbi za michezo hutoa pande nane tu. Atakayeiweka kwenye luninga ya mpira atawafukuza wateja wake mwenyewe.

Michezo ya ngumi ni habari nyingine. Tekken, iliyoanza katika kumbi hizo mwaka 1994, iliundwa kwa fimbo na vitufe vinne: ngumi mbili na mateke mawili. Street Fighter II ya mwaka 1991 inataka vitufe sita. Ni hapa vijana wanapopiga vitufe kwa nguvu zao zote, na ni hapa mipira laini iliyo ndani ya pedi inapochakaa upesi. Kwa hiyo kibanda chenye luninga nne, tatu za mpira na moja ya ngumi, kinahitaji fimbo mbili. Mwenye kibanda hicho akiagiza fimbo kumi na mbili, mtaji wake utalala stoo.

KILICHOMO NDANI YA SANDUKU

Kifaa chenyewe hakina siri. Ni sanduku la mbao, mpini mmoja unaogusa swichi ndogo nne, yaani juu, chini, kushoto na kulia, vitufe vyenye swichi zake, nyaya, na bodi ndogo ya kupeleka ishara kwenye mashine. Matundu ya vitufe vikubwa hutobolewa kwa kipimo cha milimita 30 na vidogo milimita 24. Kwa mchezo wa Tekken peke yake, vitufe vinne na cha kuanzia vinatosha. Kila kitufe cha ziada ni fedha iliyopotea.

Mbao si tatizo Tabora. Seremala anayetengeneza vitanda vya mninga hakosi mabaki, na mninga uliokauka vema hausinyai sana. Kinachotakiwa ni mnunuzi kukataa mbao mbichi, kwani jua la Septemba na Oktoba litaipinda kabla deni halijalipwa.

Wengi wanaweza kuumia kwenye bodi. Bodi za bei rahisi zinazonadiwa kuwa ni za kila mashine hufanya kazi kwenye kompyuta na mara nyingi kwenye PlayStation 3. PlayStation 4 hukataa kifaa ambacho haikitambui, na kwa kawaida hukata mawasiliano baada ya dakika nane hivi. Kwa mwenye kibanda, huo ni ugomvi katikati ya mchezo uliokwisha lipiwa.

Njia ya uhakika ni kutumia bodi ya pedi halisi ya mashine ileile. Pedi iliyotupwa kwa sababu ya mipira au kijiti mara nyingi bodi yake bado ni nzima. Fundi redio hulehemu nyaya kutoka kwenye bodi hiyo mpaka kwenye swichi. Aulizwe mapema kama vitufe vyote vya bodi vinatumia waya mmoja wa pamoja. Kama ndivyo, kazi ni nyepesi. Kama sivyo, nyaya zitaongezeka na gharama itapanda.

HESABU

Tuchukue mfano, ambao kila mfanyabiashara ataubadili kwa bei za kwake. Pedi moja iwe shilingi 15,000, na kwenye luninga ya ngumi idumu miezi miwili. Pedi mbili kwa mwaka zitagharimu shilingi 180,000. Fimbo moja nayo iwe shilingi 45,000 za vifaa, 8,000 za mbao na 20,000 za ufundi, jumla 73,000. Fimbo mbili ni 146,000. Swichi za kubadilisha ziwekewe shilingi 1,500 kwa mwezi.

Kwa mfano huo, mwenye kibanda anaokoa shilingi 13,500 kila mwezi, na fedha yake inarudi baada ya miezi kumi na mmoja. Ikiwa katika vile vifaa vya 45,000 bodi ni 15,000, naye akatumia bodi za pedi zake chakavu, mtaji unashuka hadi 116,000 na unarudi kwa miezi tisa hivi. Lakini kama pedi zake hudumu miezi minne, akiba ni shilingi 6,000 tu kwa mwezi, na fimbo zile zile za 146,000 zitachukua zaidi ya miaka miwili kujilipa. Huyo aendelee kununua pedi.

Tofauti ya watu hawa wawili imo katika tarehe za kununua pedi, na asiyeziandika hawezi kujua yeye ni yupi kati yao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

FUNDI NAYE ALIPWE

Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni la kumbana fundi mpaka afanye kazi karibu bure. Faida ya fimbo ya mbao ni kwamba swichi ikifa Jumamosi jioni hubadilishwa papo hapo, na kibanda hakipotezi Jumapili. Huduma hiyo hutolewa na fundi aliyeridhika. Aliyepunjwa atakuwa na kazi nyingine siku hiyo.

Vijana wenye ufundi wasikimbilie kutengeneza fimbo hamsini kwa kubahatisha. Soko la Uyui na Tabora mjini ni la vibanda, tena luninga moja au mbili katika kila kimoja. Waanze na matengenezo, wauze fimbo kwa oda yenye malipo ya awali, na waende SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, kuulizia mafunzo na mikopo.

Jambo jingine ni la sheria. Sanduku la kuchezea Tekken si dubwi. Lakini atakayelitengeneza limeze sarafu na kulipa mshindi fedha, ameingia katika michezo ya kubahatisha inayosimamiwa kwa sheria ya mwaka 2003, na bila leseni atapoteza sanduku pamoja na biashara.

SOMO LA MAJEMBE

Tabora iliwahi kuona mashindano ya namna hii. Katika karne ya 19 majembe ya chuma yaliyofuliwa na wahunzi wa kaskazini-magharibi yaliletwa kuuzwa Unyanyembe, kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na yalitumika hata kubadilishana mali. Majembe ya viwanda vya Ulaya yalipoingia kwa wingi, mhunzi alishindwa kwa bei.

Fundi wa leo hawezi kutengeneza swichi kwa bei ya kiwanda cha China, na hana haja ya kujaribu. Swichi iagizwe. Sanduku, kulehemu na matengenezo vibaki hapa, maana katika hayo kiwanda cha mbali hakiwezi kumfikia kwa wepesi. Mwenye kibanda aanze na fimbo mbili, kwenye luninga moja, kwa miezi mitatu, huku akiandika kila shilingi. Baada ya hapo daftari lake litamwambia kama aongeze au aache.