Ngiri Chini ya Kanzu



Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mama mmoja alitungoja penye kivuli cha ukuta wa msikiti. Mwanawe yuko bara, upande wa Bomet, akiuza vitu vidogo vidogo kwa baiskeli katika vijiji vya wakulima wa chai. Kijana huyo ameota uvimbe kwenye kinena, naye hataki kwenda hospitali. Mama akatuuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, je, aiache baiskeli? Na akipasuliwa, ndiyo basi, hataipanda tena? Maana hiyo ndiyo riziki yake."

Tulimjibu kwa ufupi, kisha tukaona haya kuwa jibu hilo tulilijua kwa mwili wetu wenyewe wala hatujapata kuliandika katika safu hii. Leo tunaliandika.

Miaka 20 na ushei iliyopita tulikuwa Kericho, tukiwasomesha Qur'ani watoto wa Waislamu waliotawanyika katika nchi ile. Msomaji wa Pwani huijua chai ya huko inapofika Mombasa kwa ajili ya mnada, imekwisha kukaushwa na kutiwa magunia. Anayeishi huko huijua kwa miguu. Ni vilima baada ya vilima, kijani mpaka upeo wa macho, na alasiri mvua hushuka, mara nyingi ikiwa mvua ya mawe. Tulikuwa na baiskeli moja, zile nzito za chuma ambazo Wakenya huziita Black Mamba, haina gia, na nyuma kwenye keria tulifunga juzuu na mbao za kuandikia. Kila siku tulishuka bonde na kupanda bonde, tukisimama juu ya pedeli penye mwinuko, na penye mwinuko mkali zaidi tukishuka na kusukuma.

Uvimbe ulianza mdogo kama kitovu cha embe. Tukisimama hutokea, tukilala hurudi. Tukikohoa tuliuhisi ukigonga kidole. Kanzu ni vazi la sitara, nayo iliusitiri uvimbe ule kwa muda wa mwaka mzima na zaidi. Lililo zito zaidi kulikiri ni hili: katika mwaka ule ule tulitoa darsa juu ya wajibu wa kujitibu. Tuliwaeleza watu kuwa Mtume (s.a.w.) aliamrisha tiba, na kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake. Watu wakaitikia kwa kutikisa vichwa, nasi tulikuwa tumekaa upande upande ili tusiumie.

Aliyetugundua hakuwa mmoja wa wanafunzi wetu wala wa waumini wetu. Alikuwa mzee wa Kikipsigis, jirani yetu, aliyepeleka maziwa kwa baiskeli. Asubuhi moja alitukuta tumesimama kando ya njia, mkono kwenye kinena. Akatusalimu, "Chamgei, mwalimu," kisha akaegemeza baiskeli yake. "Hiyo ni ngiri. Mimi nilikuwa nayo."

Tukasema si kitu, mzee, ni uchovu wa mlima.

"Mlima nimeupanda kabla hujazaliwa," akajibu. "Mlima hauvimbi."

Hapo tufafanue, kwani huku kwetu neno "mshipa" limebebeshwa maradhi mengi. Busha ni maji yanayojaa kwenye korodani, na katika Pwani yetu mara nyingi asili yake ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Ngiri ni kitu kingine. Ukuta wa nyama za tumbo huwa na mahali dhaifu, na kwa wanaume kinena ni mahali pa kwanza, kwa sababu ndimo ipitamo njia ya mishipa inayokwenda kwenye korodani. Penye udhaifu huo mafuta ya tumbo au kipande cha utumbo husukumwa nje. Si uchawi, wala si adhabu, wala si dalili ya kuisha uanaume. Wanawake na watoto wachanga nao huipata. Kujipima mwenyewe hakutoshi. Daktari ndiye wa kutenganisha hiki na kile.

Na baiskeli? Kuendesha taratibu penye tambarare hakuleti ngiri, na wapo wenye ngiri ndogo isiyouma ambao daktari huwaruhusu waendelee huku wakingojea siku yao. Kinachoisukuma ni kani ndani ya tumbo: kunyanyua mzigo, kusimama juu ya pedeli mlimani, kusukuma baiskeli iliyojaa, kikohozi kisichotibiwa, kujikamua chooni. Kwa mchuuzi wa Bomet hayo yote yamo katika siku moja. Basi kabla ya upasuaji apunguze mzigo, aache kushindana na milima, wala asidhani kuwa mkanda wa kubana ni dawa. Mkanda huzuia tu, hauponyi.

Iko hatari moja ambayo hairuhusu kungoja. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na wenye kuuma, na mtu akaanza kutapika, tumbo kujaa, choo na upepo visitoke, basi utumbo umenaswa na damu huenda haiufikii. Hapo ni kwenda hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Asiyekwenda anaweza kufa. Qur'ani imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu, na sisi tulidhani kuwa aya hiyo inawahusu wengine.

Baadhi ya ndugu waliona uzito tukatibiwe na wasio Waislamu, kwa kuwa hospitali nyingi za nchi ile ni za misheni. Tenwek ya Bomet ni mojawapo, nayo imewafunza madaktari wengi wa upasuaji. Tuliwakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra alimwajiri Abdullah bin Urayqit amwonyeshe njia ya jangwani, naye hakuwa Muislamu. Alitazama amana ya mtu na ujuzi wake. Na kuhusu kufunua uchi mbele ya tabibu, wanachuoni wameruhusu kwa haja na kwa kadiri ya haja. Tena upasuaji wa ngiri si mgeni katika ustaarabu wetu: Abul-Qasim Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, aliuandika katika sehemu ya mwisho ya kitabu chake Al-Tasrif.

Siku hizi njia inayotumika sana ni kuurudisha utumbo na kuutilia ukuta wavu laini, nyama ziote juu yake. Wengine huogopa gharama ya wavu huo. Jirani zetu wa Uganda wametoa faida kubwa hapa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa mashariki mwa nchi hiyo kwa wanaume 302. Baadhi walitiwa wavu ghali wa viwandani, na wengine wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha aina ya chandarua, uliotakaswa kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa jambo la maana. Kazi hii ni ya madaktari, wala asije mtu kukata chandarua cha nyumbani.

Tulipasuliwa kwa sindano ya ganzi, na jioni ile tukainuliwa tutembee. Sala tulisali kwa kukaa juu ya kiti. Hapo tulimkumbuka Imran bin Husayn (r.a.), aliyekuwa na bawasiri, maradhi ya mahali pa siri kama yetu, naye hakuona haya kumuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sala yake. Akaambiwa asali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Lau angeficha, sisi tungekosa rukhsa hii.

Daktari alituagiza wiki sita bila mizigo wala milima. Wiki ya tatu tukajiona tumepona, tukakumbuka watoto wanaongoja, tukaitoa baiskeli. Hatukumaliza mwinuko wa kwanza. Kidonda kiliwaka moto, kikavimba, tukarudi kwa daktari tukakemewa, na tulistahili. Wavu haukusogea, alhamdulillah. Jioni mzee wa maziwa akaja akaketi kitambo bila kusema, kisha akasema: "Mwalimu, ng'ombe aliyevunjika mguu hatumrudishi kwenye jembe kwa sababu shamba linangoja."

Na watoto je? Wazazi waliposikia, walipanga zamu. Watoto wakawa wanaletwa barazani kwetu kwa miguu, wakubwa wakiwashika mikono wadogo, na wengine walihifadhi zaidi kuliko pale tulipowafuata sisi. Mwaka mzima tulijiambia kuwa tunaficha maradhi kwa ajili yao. Kumbe tulificha kwa ajili ya heshima yetu.

Kwa hiyo, mama, mwambie mwanao haya. Baiskeli haimpotei. Atembee tangu siku ya kwanza. Asipande mpaka aweze kufunga breki kwa ghafla na kuinua mguu juu ya kiti bila maumivu. Aanze penye tambarare, bila mzigo, kisha dakika chache zaidi kila siku. Mzigo na milima viwe vya mwisho, kwa idhini ya daktari wake, maana kila mwili na kidonda chake. Wakati huo ale vyakula vya kulainisha choo, anywe maji, na kama anavuta sigara aiache pamoja na kikohozi chake.

Sisi tuliipanda tena katika wiki ya saba, juzuu zikiwa zimebebwa na mwanafunzi. Mzee alitupita na maziwa yake, akapiga kengele, wala hakugeuka nyuma. Tuliiendesha baiskeli ile miaka mingine 4 katika vilima vile.

Haya ni tawi la imani, bila shaka. Lakini haya inayomzuia mtu kuihifadhi amana ya mwili wake haikuwekwa mahali pake. Enyi akina baba mnaosoma waraka huu mbele ya wake zenu na watoto wenu, kama kuna uvimbe chini ya kanzu, semeni leo.

Allah awape shifaa wagonjwa wetu walio nyumbani na walio safarini, na amrudishie mama huyu mwanawe akiwa mzima. Amin. Wabillahi tawfiq.