Utumwa ulipofutwa, aliyelipwa ni bwana

Julai 1825 manowari 14 za Ufaransa zilitia nanga Port-au-Prince, Haiti, na mizinga zaidi ya 500. Mjumbe wa Mfalme Charles X alishuka na hati: Ufaransa ingeitambua jamhuri hiyo ikikubali kulipa faranga milioni 150 kwa awamu tano. Fedha hizo zilikuwa kifuta machozi cha wenye mashamba ya miwa na kahawa, waliotimuliwa na watumwa wao kabla ya uhuru wa Januari 1, 1804. Katika mali waliyodai kupoteza, watumwa nao walihesabiwa.

Rais Jean-Pierre Boyer akasaini. Hazina yake haikuwa na kiasi hicho, akakopa faranga milioni 30 kwa mabenki ya Paris ili ailipe Paris. Mabenki yakakata milioni 6 papo hapo, akaambulia 24. Mwaka 1838 dai lote lilishushwa hadi milioni 90, lakini mkopo ulizaa mkopo, na salio la mwisho lililipwa 1947. Aliyekamuliwa miaka yote hiyo ni mkulima wa kahawa, kupitia ushuru wa forodha.

Uingereza nayo, inayojisifia kukomesha biashara ya watumwa, kwa sheria ya 1833 iliwatengea mabwana pauni milioni 20. Watumwa hawakupata hata senti.

Zanzibar hatukusalimika. Aprili 6, 1897, chini ya shinikizo la Waingereza, Sultani Sayyid Hamoud bin Mohammed aliufuta utumwa, ila hakuna aliyeamka huru siku hiyo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, aonyeshe ana pa kuishi na kazi ya kumlisha, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Bwana alipewa fidia na serikali. Masuria waliwekwa kando hadi 1909. Mashamba ya mikarafuu yakabaki kwa wenyewe, na wengi walioachwa huru wakarejea kuyalima.

Ndiyo maana hoja kwamba fidia ya utumwa haiwezi kuhesabika haina miguu. Ilishahesabiwa, tena mtu kwa mtu, ilipokuwa ya mabwana. Mwaka 2003 Rais wa Haiti, Jean-Bertrand Aristide, aliidai Ufaransa zaidi ya dola bilioni 21. Aprili 2025 Rais wa Ufaransa, Emmanuel Macron, alitangaza tume ya wanahistoria kulichunguza suala hilo. Umoja wa Afrika, uliochagua fidia kuwa kaulimbiu yake ya 2025, ulisimamie dai la Haiti kwanza: lina hati, tarehe na kiasi.