Waliojiandikisha Warundi Bado ni Watanzania

Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Durban kuhusu jambo ambalo Watanzania wa huku tunalijua na hatulisemi hadharani: wapo wenzetu ambao kwenye makaratasi ya Afrika Kusini si Watanzania. Walipofika huku, wengine kwa mabasi kupitia Tunduma, wengine kwa kuzamia meli, walikwenda ofisi ya wakimbizi wakajiandikisha kuwa Warundi au Wakongo. Pasipoti yetu inatupa siku 90 bila viza. Zikiisha, kinyozi au muuza nguo hana njia nyepesi ya kubaki kihalali. Na kwa kuwa kwetu hakuna vita, mtu wa Temeke akiomba hifadhi huenda akakataliwa. Burundi na Congo zilikuwa zinawaka moto, na Kiswahili kinazungumzwa huko pia. Basi kijana wa Keko akawa mzaliwa wa Uvira, Congo.

Sitetei uongo huo. Ni kosa mbele ya sheria za hapa, na unamponza hata mkimbizi wa kweli, maana kila muongo anayegundulika humfanya ofisa amtilie shaka anayefuata kwenye foleni. Nataka tuangalie linalotokea siku mambo yakiharibika.

Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu Uhusiano wa Kikonseli, ambao Tanzania na Afrika Kusini zote zimejiunga nao, unaagiza katika kifungu cha 36 kwamba mgeni akikamatwa aambiwe bila kuchelewa kuwa ana haki ya ubalozi wake kupewa taarifa. Lakini taarifa hiyo hupelekwa akiomba mwenyewe. Kijana wetu aliyeko gereza la Westville, hapa Durban, aombe ubalozi gani? Wa Burundi haumjui. Wetu uko Pretoria, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na kuuita ni kujifichua. Ananyamaza. Anayengoja kurudishwa kwao ana shida zaidi, kwa sababu sheria ya uhamiaji inaruhusu ashikiliwe hadi siku 120, na hawezi kupandishwa ndege mpaka nchi fulani iseme huyu ni wetu.

Akifa, wenzake huanza kuchangishana kwenye WhatsApp ili mwili urudi nyumbani, wakati cheti cha kifo kinaweza kutoka kwa jina ambalo mama yake hajapata kulisikia.

Zipo pia siku ambazo sote tunatafutwa bila kuulizwa kwetu ni wapi. Mwaka 2015 mashambulizi dhidi ya wageni yalianzia Isipingo, kusini mwa jiji hili, na maelfu wakalala kwenye mahema ya Isipingo, Chatsworth na Phoenix. Malawi ilileta mabasi kuchukua watu wake. Serikali yetu nayo, wakati huo Bernard Membe akiwa waziri, iliwarudisha nyumbani Watanzania waliokuwa kambini, na tunaishukuru. Mwaka 2025 wanaharakati wa March and March, kundi linalopinga wahamiaji, walisimama kwenye lango la Hospitali ya Addington, karibu na ufukwe wa Durban, wakidai vitambulisho vya wagonjwa. Hali hii inaweza kuchafuka tena wakati wowote, na aliyejificha nyuma ya jina la nchi nyingine atakuwa wa mwisho kujitokeza basi likija.

Utaniuliza, Mheshimiwa, kwa nini kodi ya mkulima wa Songea imhudumie mtu aliyeikana nchi yake. Jibu limo katika sheria zetu wenyewe. Sheria ya Uraia, Sura ya 357, inamvua uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Karatasi ya kuomba hifadhi haimpi mtu uraia wa nchi yoyote. Kijana huyu ni raia leo kama alivyokuwa siku aliyovuka mpaka. Na Serikali imeshaonyesha moyo mpana kwa walioondoka kabisa: mwaka 2025 sheria zilirekebishwa ili Watanzania waliochukua pasipoti za kigeni wapate hadhi maalumu. Kama aliyeapa kuwa Mmarekani amefunguliwa mlango, asiyewahi kuapa popote asibaki nje.

Tena wapo wenzetu Waafrika waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1998 Guinea, ambayo si nchi tajiri, iliishtaki Congo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwa ajili ya raia wake mmoja, mfanyabiashara Ahmadou Sadio Diallo, aliyekamatwa na kufukuzwa Kinshasa. Mwaka 2010 mahakama ilisema kifungu hichohicho cha 36 cha Mkataba wa Vienna kilivunjwa, na mwaka 2012 ikaamuru fidia ya dola 95,000. Sisi hatuombi kesi The Hague. Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, ofisa wa konseli aje Durban kwa ratiba inayojulikana, na safari hizo zifike Westville. Aje na maelezo ya Kiswahili chepesi yanayosema ubalozi unaweza nini na hauwezi nini. Watu waelewe kwamba hautoi mtu gerezani wala haulipi madeni, lakini unaweza kumtembelea mfungwa, kumweleza jinsi ya kupata wakili na kuijulisha familia yake.

Pili, uwepo utaratibu wa kumtambua mtu asiye na karatasi, wenye muda maalumu wa kutoa jibu. Kiswahili peke yake hakitoshi, maana Mkongo naye anacho. Aulizwe shule ya msingi, mwalimu mkuu, mjumbe wa mtaa wao. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa apigiwe simu. Alama za vidole zilinganishwe na za NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa. Walioondoka kabla NIDA haijaanza kusajili wasiambiwe kwamba hawapo.

Tatu, na hili ndilo kubwa, anayejitokeza ahakikishiwe siri. Hatuwezi kumkinga na sheria za Afrika Kusini, lakini tunaweza kumwahidi kwamba aliyoyasema mbele ya konseli wetu hayatamponza nyumbani, na kwamba hati ya dharura ya safari haitamfikisha mahabusu uwanja wa ndege wa Julius Nyerere. Bila ahadi hiyo, ofisa atakuja Durban na kukuta viti vitupu.

Hotuba ya bajeti ya wizara yako husomwa bungeni kila mwaka, na huku tunaifuatilia kwenye simu. Safari hii tutasikiliza kama waliojificha nao wametajwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtanzania mkazi wa Durban