Uchafu wa Bukavu: kabla ya kuahidi gazi, tuambiwe kwanza juu ya maji yake

Kila msimu wa mvua, wakaaji wa Bukavu wanajua kwenye uchafu unaendea: kutoka milimani mpaka mitaroni, kutoka mitaroni mpaka ziwani. Plastiki inafika hata kwenye bwawa la Ruzizi 1, inasumbua mashini, na umeme unapunguka. Hiyo kila mtu anaiona. Lakini kuna uchafu mwingine wenye hauonekani: yale maji meusi yenye kutoka chini ya lundo la takataka kisha mvua kupita ndani yake.

Katika inchi zingine, maji hayo hayaachwe yaende ovyo. Yanakusanywa na kutiwa ndani ya tangi yenye kufungwa vizuri, bila hewa. Profesa Mholanzi Gatze Lettinga, wa Wageningen, alitengeneza namna moja ya tangi hiyo katika miaka ya 1970: maji yanaingilia chini, yanapanda, yanapita katika matope yenye kujaa vidudu. Na kazi yote ni ya vidudu.

Vinafanya kazi kwa zamu. Vya kwanza vinavunja mabaki na kuyageuza tindikali, kama ile ya siki. Nyuma yao kuna aina ingine, arkea, vyenye kula ile tindikali na kutoa methane, gazi yenye kuwaka. Shida iko hapo. Vya kwanza vinazaana kwa masaa, arkea vinahitaji siku nyingi. Tangi ikipewa chakula kingi kwa mara moja, tindikali inapanda, arkea vinalegea, gazi inakwisha. Kuianzisha tena inaweza kuomba miezi.

Kivu inajua kazi hiyo. Chini kabisa ya ziwa hakuna oksijeni, na arkea vimetengeneza methane humo kwa mamia ya miaka. Ng'ambo, Karongi, kiwanda cha KivuWatt kinaitumia kutoa megawati 26. Lakini ziwa halihitaji mtu wa kulilisha wala kulipima. Tangi inahitaji, kila siku.

Tena arkea vingi vya matangi vinapenda joto la digri 35 hivi. Bukavu, kwenye mita 1,500, inapata karibu 20. Kazi ingeenda polepole. Na amonia, yenye kujaa katika maji ya majalala ya zamani, haitoki katika tangi hiyo. Inaomba kazi ya pili. Mwenye kusema tangi moja inatosha hajasema yote.

Na kuna jambo la mbele ya yote: uchafu wenye kutupwa bondeni, bila sakafu ya kuzuia, maji yake yamekwisha kupenya udongoni. Hakuna ya kukusanya.

Kwa hiyo, siku mradi wa gazi ya uchafu utatangazwa, ulizo la megawati lingoje. Jalala litakuwa wapi, na chini yake kutawekwa nini? Nani atapima tindikali kila asubuhi? Na mfadhili akiisha kurudi kwao, mazuti ya pompi italipwa na nani?