Lugha ya gereji yastahili vitabu

Ninamiliki gari aina ya Subaru Impreza WRX la miaka ya 1990, ambalo kwa muda mrefu limenikosanisha na jamaa zangu na kunipatanisha na mafundi. Jumamosi ifikapo, mimi huvaa ovaroli, nikatandika gunia uani na kuingia mvunguni. Wapo wanafunzi wanaostaajabu kwamba mhadhiri wa isimu hujipaka oili mpaka viwikoni. Waama, mvungu huo umenifunza somo la lugha ambalo sikulipata katika ukumbi wowote wa mihadhara, na somo lenyewe lawahusu walimu na vijana wa taifa hili.

Siku moja nilikuwa nikibadilisha plagi. Injini ya gari hili ina silinda nne zilizolazwa, mbili kulia na mbili kushoto, hivyo plagi zimejificha ubavuni na mkono hupenya kwa taabu. Nilimwomba fundi mmoja kijana wa mtaani kwetu ashike upande mmoja nami nishike wa pili. Maagizo ya Kiingereza niliyokuwa nayo yalieleza kwamba plagi mpya ikazwe kwa vidole mpaka ikalie, kisha izungushwe nusu mzunguko kwa spana. Mimi, msomi wa maneno, nikafupisha: "Kaza nusu."

Kijana aliitikia, akatwaa spana yenye mpini mrefu na kukaza kwa kile alichokadiria kuwa nusu ya nguvu zake. Nusu ya nguvu za mtu aliyezoea kufungua nati za lori si haba! Kichwa cha injini ni cha aluminiamu, metali iliyo laini kuliko chuma cha plagi, na hesi zake zikachunika zote. "Mwalimu," aliniambia kwa huzuni, "ulisema nusu, nami nimekaza nusu."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeacha neno moja tu, mzunguko, na neno hilo lilinigharimu majuma mawili ya kufungua kichwa cha injini, kutoboa na kutiwa hesi mpya, sikwambii fedha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: je, ni kweli, kama wengi wadaivyo, kwamba Kiswahili hakina uwezo wa kueleza ufundi? Msamiati wa gereji wakanusha dai hilo. Usukani ni neno la mabaharia, lilishika jahazi kabla ya kushika gari. Parafujo tulilipata kwa Wareno. Spana, gia, klachi na breki tulizitwaa kwa Waingereza, tukazivisha irabu zetu, na leo hakuna fundi anayeziona kuwa ngeni. Majina basi tunayo. Tusichokuwa nacho ni sentensi zilizoandikwa: kiasi gani, kwa mpangilio upi, na hatari iko wapi. Maarifa ya sekta ya jua kali hupitishwa kwa mdomo, na aghalabu kinachopotea njiani ni kipimo.

Upungufu huu si mzaha. Mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza, yalitoka katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002 na kurejeshwa mwaka 2021. Tangu yarejee, barabara ya Naivasha hufurika vijana na magari yao waliyoyarekebisha nyumbani. Siwalaumu kwa mapenzi hayo. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa maradhi yayo hayo. Ninachohofia ni mashauri wanayopeana. Mathalan, kijana huambiwa "ongeza presha ya tabo," yaani kile kifaa kinachozungushwa na moshi unaotoka ili kishindilie hewa ndani ya injini. Aongeze kiasi gani? Haambiwi. Haambiwi pia kwamba hewa ikizidi pasipo petroli kuongezwa kwa kadiri yake, mchanganyiko waweza kulipuka ovyo ndani ya silinda na kuitoboa pistoni.

La kutilia maanani zaidi ni breki. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ya gari huwa mara nne. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa lina nishati mara nne ya liendalo kilomita 50, na nishati yote hiyo sharti breki ziigeuze kuwa joto ndipo gari lisimame. Kwa hivyo mtu mwenye busara huanza na tairi, breki na springi, kisha ndipo afikirie nguvu za injini. Vijana wengi huanzia mwisho, kwani mlio wa injini husikika na majirani ilhali breki nzuri haina wa kuisifu. Kanuni hii inatoshea katika aya moja ya Kiswahili. Je, kijana aliyeacha shule ataisoma wapi?

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 7 walianza kusoma somo la ufundi wa awali, nalo hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto huyo akienda gereji wakati wa likizo, atasikia kazi ile ile ikielezwa kwa Kiswahili. Ana daftari lisilozungumza na fundi, na fundi naye ana maarifa yasiyoingia daftarini.

Wako watakaosema kwamba vitabu vya magari viko kwa Kiingereza, na kwamba kukihama ni kujifungia mlango. Sijasema tukihame. Nataka kijitabu cha Kiswahili kikae kando ya kile cha Kiingereza juu ya meza moja. Wengine watahofia istilahi zibuniwazo ofisini na kufia humo. Hofu hiyo ni ya haki, na nyingi kati ya hizo tumezibuni sisi wanaisimu. Dawa yake ni kuanzia kwa fundi. Kamusi yasema hesi, fundi wa mtaani kwetu husema thredi; tuyaandike yote mawili, na watumiaji wenyewe watachagua.

Ninawapa changamoto walimu wa Kiswahili. Badala ya insha nyingine kuhusu siku nisiyoweza kuisahau, watumeni wanafunzi gereji wakiwa na daftari. Wamwombe fundi aeleze kazi moja, iwe kubadilisha oili au vibao vya breki, nao waandike jina la kila kifaa, kipimo chake na hatua moja baada ya nyingine. Kisha mwalimu wa fizikia au wa ufundi azikague hesabu. Nasi wa vyuo vikuu tuyakusanye madaftari hayo, tuyahariri, na tuyarudishe kwa mafundi yakiwa vijitabu.

Yule kijana bado hunisaidia kila Jumamosi. Siku hizi nikimwagiza jambo, hunitazama kwanza na kuuliza: "Nusu ya nini, Mwalimu?" Ni swali ambalo wasomi tungepaswa kuulizwa mara nyingi zaidi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Maarifa ya ufundi ya nchi hii yako mvunguni, nasi tumesimama wima mno.