Keki ya Mahafali na Kashata Zetu

Mwaka jana nilialikwa mahafali ya kidato cha nne katika shule moja ambayo sitaitaja jina. Ndugu yangu alikuwa akimaliza masomo yake. Katika safu ya wahitimu niliona kiti kitupu, nami nilipouliza niliambiwa kuwa mwenyewe ni mzima wa afya, wala kwao hakuna msiba. Amebaki nyumbani kwa sababu hakutoa fedha ya keki, na jina lake lilikuwa limesomwa mbele ya wenzake katika orodha ya wadaiwa. Mama yake huuza mboga. Keki yenyewe ilikatwa vipande vidogo kama vidonge vya dawa, na changu kiliisha kabla sijajua ladha yake.

Basi sasa nasikia wenzangu wa kidato cha tatu wamekwisha kuanza kuulizana bei ya keki ya mwakani. Ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti letu. Mimi sitaki keki hiyo.

Msinidhanie kuwa sipendi vitu vitamu. Likizo iliyopita baadhi yetu tuliona katika simu za ndugu zetu picha za Halloween, ile siku ya tarehe 31 Oktoba ambapo Wamarekani huchonga maboga, na watoto huvaa vinyago na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Wengine walicheka, wengine walisema ni mambo ya wachawi. Hawakuuliza maana ya neno lenyewe. Maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote, na sikukuu hiyo ya tarehe 1 Novemba, pamoja na siku ya kuwaombea Marehemu inayofuata, wazee wetu wengi hapa Ufipa waijua tangu utoto wao. Vinyago siwezi kuvitetea. Lakini jambo moja katika picha zile lilinivuta sana. Akina mama wale walivunjavunja biskuti, wakazichanganya na siagi na kakao, wakafinyanga kwa mikono na kuweka katika friji. Hawakuoka kitu! Watu wenye tanuri ndani ya nyumba waliliacha baridi kwa kupenda kwao, na sisi tusio nalo twaona haya mpaka tukanunue kilichookwa na mwingine.

Friji hatuna, lakini kashata twaziweza. Karanga zalimwa hapa juu, na ufuta hutoka bondeni, kule chini ya Lyamba lya Mfipa. Za nazi tuwaachie watu wa pwani, kwa maana nazi ikifika Sumbawanga imekwisha kuwa ghali.

Mimi hufanya hivi. Nachukua vikombe viwili vya karanga, nazikaanga kwa moto mdogo, nazimenya na kuzipepeta kwa ungo. Kisha natia sufuriani kikombe kimoja cha sukari na robo kikombe cha maji, nachemsha mpaka yawe mazito. Hapo ndipo kazi ilipo. Mara ya kwanza niliitoa sukari mapema, kashata zikakataa kuganda, tukazila kwa kijiko. Mara ya pili niliondoka kidogo kwenda kuteka maji, nikarudi nikakuta sukari nyeusi na chungu, na sufuria ya mama nikaisugua siku mbili. Dawa yake ni bakuli la maji baridi kando ya jiko. Dondosha tone la sukari humo; likitawanyika bado, ukiweza kulikusanya kwa vidole kama kidonge laini, tia karanga na iliki upesi, mimina katika sinia iliyopakwa mafuta, na ukate kungali moto.

Waalimu wetu wa fizikia watakubali kuwa njia hii yatufaa kuliko kipimajoto. Mji wetu u juu sana, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yetu hukawia jikoni. Mwenye kufuata nyuzi zilizoandikwa katika kitabu cha watu wa pwani ataipika sukari yake kupita kiasi. Tone la maji halijali mwinuko wa mahali.

Nao wavulana wasiniambie kuwa hiyo ni kazi ya wasichana. Kukoroga sukari na karanga za watu mia mbili kwataka mikono yenye nguvu, na mikono hiyo twaiona kila jioni uwanjani.

Niliposoma maneno haya kwa mama, alinikatiza. "Mwanangu, Oktoba karanga zilizo ndani ni mbegu. Mtakula mbegu?" Nilinyamaza, maana alisema kweli. Mvua za Novemba zikikaribia hakuna mzazi wa kutoa hata kikombe, na sokoni bei huwa imepanda. Kwa hiyo nasema tuzikusanye kabla ya kufunga shule mwezi wa Juni, wakati mavuno yapo: kikombe kimoja kwa kila mwanafunzi, na asiyelima alete sukari kidogo au mzigo mdogo wa kuni. Asiye na chochote akoroge. Zikaushwe vizuri juani, zihifadhiwe na maganda yake mahali pasipo unyevu, na siku ya kuzimenya kila punje yenye ukungu itupwe bila huruma. Sumukuvu si mchezo. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara, na karanga nazo hushikwa upesi.

Najua yuko mwalimu atakayesema sukari huharibu meno. Ni kweli, lakini na keki ina sukari.

Wazazi wetu, mkiletewa barua ya kuomba fedha ya keki, ulizeni kwanza kama karanga zimekusanywa. Nanyi wenzangu wa kidato cha tatu, kikao chetu ni kabla ya mwisho wa muhula huu. Sufuria kubwa nimekwisha kuiazima kwa shangazi, ila amenionya niirudishe nyeupe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu